Bei ya Kulala Hemani

Mtu anayeuliza kibali kinauzwa bei gani ameshatoa pochi moyoni. Kilichobaki ni mkono kufuata. Achille Byiringiro alilijua hilo vizuri, kama mama anavyomjua mtoto aliyelamba sukari kabla hata hajafungua mdomo. Kwa hiyo asubuhi ile, kwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko mjini Goma, aliposikia mtu nyuma yake akiuliza, "Kwenda kulala porini na kuvua samaki, kunaombaka permi?" hakugeuka haraka. Mvuvi mzuri hakimbilii ndoana yake.

Aliyeuliza aliitwa Gauthier, mkuu wa vifaa na magari katika shirika moja la misaada. Viatu vyake viling'aa, na katika mji uliojaa vumbi jeusi la volkano, mtu wa viatu vinavyong'aa ana gari linalomsubiri nje.

"Wazungu wangu wamechoka," Gauthier alimwambia mwenye kibanda. "Mlimani hawaruhusiwi, upande wa Rutshuru kuna masasi ya vita, kila Jumamosi wako wanaangalia ukuta. Wanataka fasi ya kupiga hema na kutupa ndoana. Lakini bosi amesema bila karatasi hakuna mutu anatoka."

Mwenye kibanda alipandisha mabega. Hapo ndipo Achille akageuka, akiwa na koti la kijivu, kalamu mbili mfukoni na faili kwapani. Ndani ya faili hilo mlikuwa na gazeti la zamani, lakini faili halijawahi kumwambia mtu kilichomo ndani yake.

"Papa, kila kitu kinaombaka permi," alisema kwa upole. "Ata kufa. Uliza mwenye alizika mutu juzi. Mimi ni Direkta wa Stesheni ya Kambi na Uvuvi, Lac Vert."

Hapa lazima tuwe wakweli. Zamani Achille alikuwa tarishi katika ofisi ndogo ya serikali ambayo lava iliifunika pamoja na makabati, viti na kitabu cha mahudhurio. Siku ile wengine waliokoa godoro, wengine mbuzi. Achille alitoka na muhuri mfukoni. Tangu hapo ofisi ile ilitembea kwa miguu yake miwili, na mkuu wake alipandishwa cheo kila alipopata koti jipya.

"Iko bei gani?" Gauthier aliuliza.

"Inategemea. Watawasha moto?"

"Kidogo, wa kahawa."

"Moto uko na taksi yake, kodi ya moto. Watavua na wavu ao na ndoana?"

"Ndoana."

"Afadhali. Wavu ningekukatalia."

Gauthier alishukuru kwa kuponea hapo. Achille alifumba macho, akahesabu vidole kama mtu anayejumlisha sheria za nchi nzima, kisha akasema dola arobaini kwa kila kichwa. Gauthier aliangalia ncha za viatu vyake. Achille akadhani amepanda juu mno na akaanza kutafuta namna ya kushuka kwa heshima. Lakini Gauthier alimsogelea hadi harufu ya manukato yake ikafika.

"Direkta," alinong'ona, "kwenye risiti, unaweza kuandika makumi munane?"

Wakatazamana kama ndugu waliopotezana vitani na kukutana mlangoni pa kanisa. Achille aliandika themanini kwa mwandiko mzuri sana.

Sasa Lac Vert ipo kweli, ziwa dogo la kijani lililokaa ndani ya shimo la volkano ya kale, magharibi mwa mji, njia ya Sake. Stesheni ndiyo haikuwapo. Mteremko mzuri kuliko yote pale ulikuwa wa muzee Kataliko, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na ambaye sasa aliuza mabati na misumari mjini. Muzee alienda misa kila asubuhi, alihesabu misumari yake kila jioni, na kwenye ukuta wa kiwanja chake cha Lac Vert alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Goma kila mwenye kiwanja huandika hivyo, maana usipoandika, utakuta kimeuzwa na mtu unayemsalimia.

Achille alimkuta dukani.

"Papa Kataliko, kiwanja chako cha Lac Vert kinalala bure."

"Kinalala na mimi ninalala. Kimekukosea nini?"

"Kingeweza kulala na wazungu. Serikali inafungua kambi. Kila mwenye permi atalipa, na mwenye udongo atapata sehemu yake. Ya kumi."

"Ya kumi inakulaka kanisa," muzee alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye misumari. "Leta ya tatu."

Walibishana mpaka wateja wawili wakaondoka kwa kuchoka. Mwishowe wakakubaliana ya tano. Achille alitaka waachane kwa kushikana mikono tu, lakini muzee Kataliko hakuwa mtoto wa jana. Alitaka iandikwe. Akasema mwenyewe maneno yake, akipiga meza kwa kidole: kwamba yeye Kataliko anakubali kila mwenye kibali akae katika kiwanja chake kwa muda wote ulioandikwa katika kibali.

"Ju ya nini 'muda wote'?" Achille aliuliza.

"Ju mutu asiondoke mbele ya wakati halafu adai tumurudishie." Kisha akaongeza, "Na nakala moja ninapeleka kwa shefu, mukubwa wa eneo la kule, ili usiniuzishie permi nyuma ya mugongo."

Achille alimsifu kwa akili. Mjanja anayemsifu mwenzake kwa akili huwa amekwisha kuona mwenyewe ana zaidi.

Kilichobaki kilikuwa kambi yenyewe. Mjini hapakuwa na mtu aliyejua kusimamisha hema juu ya mawe ya lava bila upepo kulipeleka Rwanda. Lakini mwaka ule mizinga ilikuwa imeanza kunguruma upande wa Rutshuru, na watu wa Kibumba walikuwa wameshuka kwa maelfu hadi Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji, wakalala chini ya shitingi, yale maturubai meupe ya misaada. Kama kuna watu duniani waliosomea hema, ni wao. Achille alipanda pikipiki akaenda kutafuta mafundi wa bei rahisi.

Alielekezwa kwa Mukabalisa, mkulima wa kabichi, mwanamke mnene wa sauti aliyekuwa amezoea kupatana bei na madereva wa malori. Alikuwa ameketi juu ya jiwe akikamua maji kwenye blanketi. Mvua ya jana yake ilikuwa imepita juu ya shitingi, kisha ikarudi kupitia chini.

Achille alieleza biashara. Mukabalisa aliacha kukamua.

"Rudilia. Wanalipa?"

"Wanalipa."

"Ili walale kwenye shitingi?"

"Hema, mama. Lakini ndiyo."

"Béata!" alimwita jirani yake. "Béata, kuja usikie! Kuko watu wako na nyumba, wako na kitanda, na wanatoa dola juu walale inje!"

Béata alikuja na mwiko mkononi. "Wanatoroka nini?"

"Wanatoroka ofisi," Achille alisema.

"Masikini," Béata akasema kwa huruma ya kweli, na wote wawili wakacheka mpaka watoto wakatoka ndani kuangalia.

Mukabalisa alipomaliza kucheka alifuta macho, na uso wake ukabadilika. "Mimi niko natafuta kitu kimoja tu, Direkta. Fasi kavu ya kulalisha watoto mpaka Kibumba itulie. Hawa wanakohoa usiku kucha. Nimeuliza kila ofisi. Kila mutu ananiuliza: uko na karatasi?"

"Nitakulipa kwa siku," Achille alisema, akitaja franka chache.

"Franka zako kesho magaribi nimeshazikula. Hapana. Nipe na mimi permi."

Achille aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, maana cheko lilikuwa limefika kooni. Kulipa kazi ya watu wazima kwa kipande cha karatasi! Kama wateja wote wangekuwa hivi, asingehitaji tena kuamka mapema. Akatoa karatasi, akaiweka juu ya faili.

"Andika: Mukabalisa na familia yake," mwanamke alisema.

"Na familia yake."

"Kulala, kuvua, na kupanda kidogo kwa ajili ya mboga."

"Na mboga," Achille aliandika kwa ukarimu. "Muda?"

"Mpaka vita iishe."

Achille aliandika hivyo pia. Hakujiuliza. Laiti angejiuliza, angekumbuka kwamba Kivu ya Kaskazini hakuna muda mrefu kuliko huo. Hata hati ya shamba huisha mapema. Akapiga muhuri, akatia sahihi yake kubwa yenye mkia, juu kidogo ya katikati ya ukurasa. Chini pakabaki peupe kabisa. Tarishi yeyote angemwonya. Nafasi nyeupe chini ya muhuri huita mihuri mingine, kama harusi inavyoita wasioalikwa.

Jumamosi ya kwanza ilikwenda vizuri. Achille alitaka mahema yakae chini kabisa kwenye bonde karibu na maji, kwa sababu pangependeza kwenye picha. Mukabalisa alimwangalia kama mtu anayetaka kulaza mtoto mchanga barabarani.

"Kule chini kuna mazuku."

Mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia mabondeni, haina harufu, na mbuzi anayelala humo haamki. Kila mtu wa Goma anaijua. Achille naye aliijua, ila dola zilikuwa zimemfumba macho. Basi mahema yakapandishwa juu mteremkoni, yakafungwa kwa mawe, yakasimama imara kama kanisa.

Wazungu walifurahi. Walitupa ndoana mchana kutwa na hawakupata hata kijiti. Mmoja alipouliza, kupitia kwa Gauthier, samaki wako wapi, Achille alieleza kwamba kibali ni cha kuvua. Samaki ni huduma nyingine. Wakaona hilo lina mantiki. Kwa kuwa hawakuwa na samaki, walinunua viazi na kabichi ambazo Mukabalisa alikuwa amezibeba kutoka sokoni, na Mukabalisa, ambaye alikuwa amesikia risiti ilisema themanini, hakuwaonea haya.

Baada ya hapo risasi zikasikika karibu na njia ya Sake. Mashirika yakafungia watu wao ndani. Mwingine angelia, lakini Achille alianza kuuza nafasi za mbele: lipa sasa, utalala njia ikifunguka. Kadiri watu walivyofungiwa ndani ndivyo walivyonunua zaidi. Gauthier alileta majina ya mashirika mengine matatu. Muzee Kataliko alipata ya tano yake, akaihesabu mara mbili, akasema inaweza kuwa ya nne. Achille hakwenda tena Lac Vert. Kwa nini aende? Samaki wake walikuwa mjini.

Njia ilipofunguliwa, Gauthier alimchukua kwa gari wakatengeneze kambi kabla ya wageni kufika. Walipopinda kona ya mwisho, Gauthier alikanyaga breki.

Mteremko wote ulikuwa mweupe. Shitingi zilipangwa mistari kwa mistari, zikiwa na mifereji ya maji pembeni, moshi wa jikoni ukipanda, nguo za watoto zikikauka juu ya ukuta uleule wenye maandishi mekundu. Mahali palipokuwa na nyasi, miche ya kabichi ilikuwa imesimama kama wanafunzi mbele ya bendera. Na katikati ya yote, muzee Kataliko alikuwa akipiga kelele mbele ya shefu wa eneo lile, mtu mfupi mwenye kofia na subira.

"Achille!" muzee alifoka. "Uliniambia wazungu! Hawa ni wazungu wa wapi?"

"Karibu, Direkta," Mukabalisa alisema, akipangusa kigoda. "Ikala. Tulikuwa tunakungojea."

"Mama, nani amewapa ruhusa?" Achille aliuliza, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Wewe."

Shefu alimpa karatasi. Achille aliitambua sahihi yake, lakini karatasi yenyewe ilikuwa imezeeka na kunenepa. Pale palipokuwa peupe palijaa mihuri, ya duara, ya pembe nne, ya bluu, ya zambarau. Ofisi ya walikotoka iliandika *Imeonekana*. Ya afya nayo, *Imeonekana*. Ya kilimo ilikuwa imeona hadi kabichi. Hakuna ofisi iliyosoma. Kila moja ilipiga muhuri kwa kuwa iliyotangulia ilikuwa imepiga. Na wa mwisho, chini kabisa, ulikuwa wa shefu mwenyewe.

"Karatasi yako ilikuwa ingali mutoto, Direkta," Mukabalisa alisema. "Nimeitembeza tu ofisi kwa ofisi na pesa ya viazi. Imekomaa."

"Swali ni moja," shefu alisema. "Hii sinyatiri ni yako, ao si yako?"

Achille alijua kusema hapana. Alikuwa amelisema neno hilo maisha yake yote, mbele ya polisi, mbele ya wadai, mara moja mbele ya padri. Akavuta pumzi alitamke. Ndipo akamwona Gauthier. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola. Katika makabati ya shirika lake zilikuwamo risiti nyingi zenye sahihi hiyo hiyo na themanini nzuri, na kama sahihi ni ya uongo, mtu wa mahesabu angetaka kujua mengi.

"Ni yake!" Gauthier alisema kabla hajaulizwa. "Ninaijua. Ni yake kabisa!"

"Mimi ninasema ni ya uongo!" Kataliko alifoka.

"Ya uongo?" Shefu alifungua mfuko wake taratibu, akatoa nakala ya barua ya muzee. "Hapa umeandika kila mwenye kibali akae kwa muda wote. Na nimesikia kwa kila permi ulikuwa unakula ya tano. Kama permi ni ya uongo, muzee, ulikuwa unakula ya tano ya nini? Na ju ya nini mimi sikusikia ata harufu?"

Muzee Kataliko alikohoa. Aliangalia ziwa. Aliangalia rozari yake. "Sikusema ni ya uongo," alisema. "Nimesema tu... wako mingi."

"Ni familia," Mukabalisa alisema.

"Familia gani ya shitingi makumi tano?"

"Papa, siku ulioza binti yako, familia ilijaza malori ngapi kutoka Butembo?"

Malori yale Goma nzima ilikuwa imeyaona, na waliokuwamo wote yeye mwenyewe aliwaita ndugu. Mtoto mmoja alikuja akasimama kando ya goti lake kuangalia viatu vyake. Mtoto yule hakukohoa tena.

Wote wakamgeukia Achille. Bosi wa magari alimwomba kwa macho, mwenye mabati alimwomba kwa macho, na Mukabalisa hakumwomba chochote. Alikuwa ameshika kigoda mkononi na uso wake umekaza. Ndipo Achille alipomwona mwanamke huyu anaogopa. Aliogopa neno moja tu, hapana, ambalo lingempakia yeye na watoto wale na kuwarudisha kwenye maji ya Kanyaruchinya.

Tusimsifu Achille kupita kiasi. Alipiga hesabu pia. Neno hapana lingempeleka gerezani na watu wawili wenye hasira. Lakini wengine husema, na mimi sibishi, kwamba alimwangalia yule mtoto kabla ya kujibu.

"Ni yangu," alisema.

Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli mbele ya shefu, na hakuna uongo uliowahi kumgharimu kiasi kile. Maana shefu alivaa kofia yake vizuri, akasema kwamba basi, kama stesheni ni ya kweli na direkta ni wa kweli, direkta ana kazi. Kambi haina vyoo. Zile pesa za nafasi za mbele zitanunua mbao, na leo. Gauthier, kwa kuwa shirika lake lilikuwa la kwanza kuitambua stesheni kwa risiti, alikumbuka ghafla kwamba kuna tangi la maji limelala bohari bila kazi. Aliruka kwenye gari akaenda kulileta bila hata kumngoja mwenzake. Muzee Kataliko alidai mabati ya vyoo yanunuliwe dukani kwake. Akakubaliwa, kwa bei ya msaada. Kisha akadai sehemu yake ya tano, na Béata akamwahidi kabichi moja kwa kila tano. Akaiangalia ile miche, akauliza zitakomaa lini.

Achille aliacha pesa zote za nafasi, alizotembea nazo ndani ya koti, mikononi mwa shefu, mbele ya mashahidi wengi kuliko alivyopenda. Alisaidia kuchimba shimo la kwanza mpaka viganja vikatoka malengelenge, kisha akachukua faili lake akashuka kwa miguu kutafuta pikipiki.

Njiani, kati ya mikaratusi miwili, alikuta kamba imefungwa. Béata alikuwa ameketi pembeni akimenya viazi.

"Permi," Béata alisema.

"Béata, ni mimi."

"Ninakuona. Permi."

Achille alipapasa mifuko. Alikuwa ameandikia vibali nusu ya mji, na hata siku moja hakujiandikia chake.

"Mbona asubuhi tulipita bure?"

"Kuingia ni bure, papa. Nani angeingia kama tungelipisha kuingia? Kutoka ni franka elfu moja. Tunanunua dawa ya kikohozi."

Alikuwa na elfu moja na mia tano, na pikipiki hadi mjini ilikuwa elfu moja. Akatabasamu lile tabasamu lake la ofisini, lililowahi kufungua milango migumu zaidi. "Mama Béata, basi punguza kidogo. Mia tano. Mimi njo Direkta mwenyewe."

Béata aligeuka akapaza sauti kuelekea mteremkoni. "Mukabalisa! Direkta anaomba tumupunguzie!"

Kutoka juu, katikati ya kabichi, jibu lilishuka wazi, na kila mtu mteremkoni akalisikia:

"Hapana! Akilipa nusu, watu watasema hapa tunakulaka rushwa!"